Mcheza kwao hutunzwa... mbona Gare anacheza peke yake?

 

Leo nina jambo limenikaa rohoni, naomba tuelewane taratibu. Jumamosi moja nilikuwa kiwanjani huku Gare kuangalia fainali ya mbuzi. Ndiyo, fainali, na mbuzi mwenyewe kafungwa pembeni anatafuna majani hana habari. Timu mbili za vitongoji, vijana wamejituma mbaya, kipa wa upande mmoja anapangua mipira utadhani analipwa mshahara. Ukiwatoa wachezaji wa akiba na watoto waliokuwa wakichunga ng'ombe jirani, watazamaji tulikuwa wa kuhesabu kwa vidole.

Mpira ukaisha, nikashuka barabarani. Kufika kwenye banda umiza, lo! Watu wamejaa mpaka mlangoni, wengine wanachungulia kwenye nyufa za mbao. Na wamelipa hela. Wanaangalia timu mbili za Uingereza ambazo wala si zile kubwa.

Sasa mtu asiniambie watu wa Gare hawapendi mpira. Simba na Yanga zilipokuja Tanga kwenye Ngao ya Jamii, Agosti 13, 2023, Simba ikashinda kwa penalti pale Mkwakwani, huku milimani kulikuwa na kazi nyingine iliyofanyika siku ile? Mapenzi yapo, tena ya kumwaga. Kwa hiyo swali si "kwa nini watu hawapendi mpira", swali ni "kwa nini mtu analipa kuona mpira wa mbali wakati wa kwao ni bure?"

Nimelifikiria sana, na jibu langu ni hili: mechi zetu hazina saa, hazina mwenyewe na hazina habari. Tuzichukue moja moja.

KWANZA: SAA

Banda umiza likiandika saa 11, mpira unaanza saa 11. Mechi yetu ikitangazwa saa 10, maana yake ni kwamba saa 10 ndiyo watu wanaanza kutafuta pampu ya kujaza mpira upepo. Refa yuko njiani kutoka Lushoto kwenye bodaboda. Timu ngeni haijatimia, wawili bado wako shambani wanang'oa karoti. Mtazamaji aliyekuja kwa wakati anakaa kwenye ukungu saa nzima, na Jumamosi inayofuata harudi. Kosa lake nini?

Halafu angalieni tunagongana na nani. Mechi nyingi za Jumamosi kule Uingereza huanza saa 9 alasiri kwa saa zao. Kwetu hiyo ni saa 11 jioni wakati wa majira yao ya joto, na saa 12 wakati wa baridi yao. Mechi yetu ikianza saa 10 na nusu, mtazamaji lazima achague, na kashachagua.

Na hapa kuna kichekesho. Huko huko Uingereza, mechi hizo za saa 9 alasiri HAZIONYESHWI kwenye televisheni moja kwa moja! Wana katazo tangu miaka ya 1960: Jumamosi kuanzia saa 8:45 mchana mpaka saa 11:15 jioni kwa saa zao, hakuna mpira wa moja kwa moja kwenye televisheni. Aliyelipigania sana ni Bob Lord, mwenyekiti wa klabu ya Burnley. Hoja yake ilikuwa nyepesi: timu kubwa ikionekana sebuleni, nani atatoka kwenda kuangalia timu ndogo ya mtaani kwake? Kwa hiyo mtu wa London haioni mechi ambayo mshikaji wa Gare anaiona bandani. Wao wanalinda viwanja vyao vidogo dhidi ya mpira wao wenyewe, sisi tumeviacha vya kwetu bila ulinzi wowote.

Hatuwezi kuweka katazo, na wala sisemi mabanda yafungwe, yale ni riziki za watu. Lakini hesabu tunaweza kupiga. Mechi ikianza saa 9 kamili alasiri, kipindi cha kwanza kinaisha kama saa 9:45, na mapumziko tukiyavuta kidogo mwenye swala ya alasiri anasali. Kabla ya saa 11 filimbi ya mwisho imelia. Mtu anateremka zake bandani, kaona mechi mbili badala ya moja. Hakuna aliyempoteza mwenzake.

Kuna jingine la kuiga. Mwaka 2010 shabiki mmoja wa Uingereza, James Doe, alianzisha siku maalumu ya timu ndogo zisizo kwenye ligi kuu za nchi. Akaiweka wikiendi ambayo ligi kubwa zimesimama kupisha timu za taifa. Mashabiki wa klabu kubwa hawana pa kwenda, basi wanaambiwa njooni kwenye timu ya hapa hapa jirani. Baadhi ya klabu hupunguza kiingilio kwa mwenye tiketi ya timu kubwa. Na sisi wikiendi hizo tunazo, kalenda ni hiyo hiyo ya FIFA. Ile ya Machi inaweza kukutwa na masika na ya Novemba ikakutwa na vuli, lakini zile za Septemba na Oktoba njia zetu huwa zinapitika. Weka fainali hapo!

Na ikiwezekana irudi kila mwaka wakati ule ule. Nairobi kuna mashindano ya mtaani yanaitwa Koth Biro, jina la Kijaluo lenye maana ya "mvua inakuja". Yamekuwepo tangu miaka ya 1970, yanachezwa mwishoni mwa mwaka kwenye kiwanja cha Umeme, mtaa wa Ziwani. Mtu wa Nairobi hahitaji kuambiwa, Desemba ikikaribia anajua. Kwetu mashindano yanazaliwa leo, yanakufa kesho, mwaka ujao yana jina jingine na mwenyewe mwingine.

PILI: MWENYEWE

Mnakumbuka watu walivyokuwa wanasema mpira wa mchangani Dar umekufa? Mwaka 2014 ikaanzishwa Ndondo Cup, ikisimamiwa na mtangazaji Shaffih Dauda na wenzake wa kipindi cha michezo cha Clouds FM. Viwanja ni vile vile vya mtaani, kama Kinesi na Bandari. Lakini watu walifurika mpaka kwenye mistari! Baadaye ndondo ikatoka Dar ikaenda mikoa mingine.

Siri ni nini? Redio ilisaidia sana, sikatai. Lakini angalia majina ya timu: Temeke Market, Keko Furniture, Kauzu, Faru Jeuri. Ukisikia Temeke Market unajua ni watu wa wapi. Muuza nyanya wa pale hana haja ya kujua mfumo wa uchezaji, anakwenda kwa sababu wale ni wa kwake. Akifungwa, Jumatatu atachekwa sokoni. Na mashabiki wenyewe wakawa sehemu ya onyesho, ngoma, nyimbo na vituko, mtu anakwenda kuangalia jukwaa kama anavyoangalia mpira.

Sasa njoo kwetu. Timu ya kitongoji inaingia fainali, viongozi wanahaha, wanakusanya hela kuleta mamluki sita kutoka mjini. Kombe tunachukua, sawa. Lakini bibi wa pale kitongojini atatoka nyumbani kumwangalia nani? Hamjui hata mmoja! Mamluki wanaleta ushindi, hawaleti watu. Mamluki akilipwa anapanda bodaboda anaondoka, na mjukuu wa yule bibi kakaa benchi, bibi naye kakaa nyumbani.

Pendekezo langu: mashindano yaweke sheria, mamluki wasizidi wawili kwa timu, na majina yasomwe hadharani kabla ya kuanza. Halafu tupange mechi zenye utani ndani yake. Waendesha bodaboda na wachuuzi wa mboga. Waliooa na makapera. Gare na watani wetu wa Kwai au Ubiri. Wazee wa zamani wacheze dakika 30 kabla ya mechi kubwa. Nakuhakikishia mwenyekiti wa kitongoji akivaa bukta, hakuna atakayebaki nyumbani siku hiyo.

Na watoto jamani. Ukiweka mechi ya utangulizi ya watoto wa shule za msingi, kila mtoto ana mama, baba, kaka, dada na shangazi. Ishirini na wawili wako ndani, piga hesabu mwenyewe. Wasichana nao wapewe uwanja, wa mpira wa miguu au netiboli, maana ukiwaacha dada zetu nje umeshapoteza nusu ya kijiji kabla ya kuanza.

TATU: HABARI

Waswahili wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye mpira wa kijijini methali hii inatuponza! Tunakaa tukisubiri chema kijiuze. Mpira wa kubwa wenyewe, pamoja na ukubwa wake, unatangazwa usiku na mchana. Sisi tunategemea mtu asikie kelele kutoka mlima wa pili ndipo ajue kuna mechi.

Habari ina nyakati tatu. Kabla ya mechi: siku ya gulio mtu mmoja na kipaza sauti, bodaboda wawili wenye karatasi kifuani, ujumbe kwenye magrupu ya WhatsApp, na ubao wa chaki dukani. Tena nenda kwa mwenye banda umiza, ongea naye kiungwana, atangaze wakati wa mapumziko. Si adui yule, watu wako wote wako kwake!

Wakati wa mechi: mtafuteni mtangazaji. Kila kijiji kina mtu mmoja ambaye mdomo wake haupumziki. Mpeni kipaza sauti, achanganye Kiswahili na Kisambaa, mtaona watu wanavyocheka.

Baada ya mechi: hapa ndipo tunapoharibu kabisa. Nani alifunga? Dakika ya ngapi? Nani anaongoza kwa mabao? Hakuna anayeandika. Mtu wa Gare anajua mfungaji bora wa Uingereza na mabao yake yote, anaweka na mkeka juu yake, lakini mfungaji bora wa kata yake hamjui. Si kwamba hataki, hakuna aliyemwambia. Daftari moja na msimamo uliobandikwa kwenye ubao kila Jumapili jioni vinatosha kuanzisha ubishi wa wiki nzima kijiweni. Na ubishi, ndugu zangu, ndio unaojaza uwanja Jumamosi.

NA HELA JE?

Najua mtauliza. Kiwanja chetu hakina ukuta, ukiweka kiingilio watu watapanda mteremkoni waangalie bure. Mimi nasema waache! Mteremko ule ndio jukwaa letu, Mungu katujengea. Pitisha kofia wakati wa mapumziko. Tuseme watu 200 wamekuja na kila mmoja katoa shilingi 200, ni 40,000, refa kapata nauli na soda, mpira kiraka umezibwa. Akina mama wa mahindi ya kuchoma, chai na mihogo wachangie kidogo kwa nafasi waliyopewa. Na mahesabu yasomwe kwa kipaza sauti palepale, maana hela ya kofia isiyosomwa inaua mashindano haraka kuliko mvua.

Taratibu zifuatwe vilevile: ofisi ya kata ijue, chama cha mpira cha wilaya kijue, na awepo mtu wa huduma ya kwanza. Ngumi zikipigwa mara moja, kina mama hawarudi na watoto.

Ila tusikae kusubiri mheshimiwa alete jezi. Jezi ni nzuri, lakini hazijawahi kuleta mtazamaji. Saa ikifuatwa, wenyewe wakiwepo na habari zikienda, watu watakuja hata kama timu zote mbili zimevaa fulana za njano na upande mmoja ikabidi wavue.

Narudi kwa yule kipa. Msimu uliofuata sikumwona. Nilipokutana naye barabarani akanieleza kwamba ameacha, siku hizi Jumamosi yuko bandani na wenzake. Hakuumia, hakugombana na mtu. Aliona tu hakuna anayemwona. Nilimtazama nikakosa la kumjibu, kwa sababu na mimi siku ile nilikwenda uwanjani kwa kupita tu, nilikuwa naelekea bandani!

Mcheza kwao hutunzwa, wazee walisema. Lakini kutunza hakuanzi na hela wala kombe, kunaanza na kutoka nyumbani kwenda kumwangalia. Jumamosi hii saa 9 alasiri mimi niko kiwanjani, na nimeshamwambia yule kipa aje na glovu zake. Wewe je, utakuwa wapi? Na huko kwenu mnafanyaje, watu wanakuja? Mwageni maoni hapo chini, tujifunze.

Naomba kuwasilisha.