Modemu Iliyosikiliza Laini

Sogeeni, wanangu. Nyinyi mnaokulia Bukoba na Muleba mnabonyeza simu, picha inafunguka, kwa hiyo inabidi nianzie mbali kidogo, enzi za simu ya mezani. Simu ile ilitengenezwa kubeba sauti ya mtu, na kompyuta haina sauti. Ndipo ikabuniwa modemu: upande huu inageuza maandishi kuwa milio, upande ule inairudisha milio kuwa maandishi. Ukiinua mkono wa simu modemu ikiwa kazini unasikia mluzi mrefu, halafu mkwaruzo usiokwisha.

Modemu za miaka ya 1960 zilipitisha biti 300 kwa sekunde, yaani herufi 30 hivi. Picha moja ya megabaiti 3, ambayo nyinyi mnatumiana bila kufikiri, ingechukua zaidi ya siku nzima, usiku na mchana, na dakika zote hizo zinalipiwa.

Kwa nini wasiongeze tu kasi? Laini yenyewe ilikataa. Katika mkoa wa mvua nyingi kama wetu, unyevu huingia kwenye maungio ya nyaya za shaba, na radi ikipiga upande wa ziwani laini inajaa makelele. Milio ikifuatana haraka mno, kelele moja tu inafuta herufi nyingi.

Mwaka 1985 kampuni ya Telebit ya California, ambayo Paul Baran alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, ikatoa modemu iitwayo TrailBlazer. Hapa ndipo panaponifurahisha mimi mpaka leo. Iliigawa laini kwa milio midogo 512, yote ikilia kwa pamoja, kila mmoja bila haraka. Kabla ya kutuma, ilipima kwanza laini, ijue ni milio ipi inapita. Fikirini kwaya inayoimba huku mvua ikipiga bati: sauti zinazomezwa zinanyamaza, zinazosikika zinaubeba wimbo. Kwenye laini nzuri ilikaribia biti 18,000 kwa sekunde. Kwenye laini mbovu ilipunguza mwendo, lakini iliendelea kufanya kazi.

Huko Zurich, Gottfried Ungerboeck wa IBM alikuwa ameshachapisha, mwaka 1982, njia ya kupanga ishara ili ile iliyopotoshwa njiani itambulike ilipaswa kuwa ipi. Njia hiyo ikasaidia modemu nyingine kufikia biti 9,600 kwa sekunde, na mwaka 1994 biti 28,800.

Afrika Mashariki ilinufaika mapema na modemu zenye kasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kompyuta ya mtandao uitwao GreenNet kule London ilipiga simu Nairobi, ikashusha barua, ikachukua nyingine, ikakata. Simu ya nje ilikuwa ghali, hivyo kila sekunde iliyookolewa ilikuwa hela. Hata kwa mtu wa Bukoba, kumpigia mtoa huduma wa intaneti aliyeko Dar es Salaam kulikuwa kupiga simu ya masafa marefu.

Na ule ujanja wa kugawa njia moja kuwa njia nyembamba nyingi haukufa. Waifai inautumia, na mnara wa 4G unaowaletea video Muleba unautumia pia.