Usichome kitabu cha gereji!

Gereji ya zamani ikifungwa, watu hugombania jeki na spana. Vitabu vilivyolowa oili vinaishia jikoni, na baridi ya Sumbawanga mnaijua wenyewe. Mzee mmoja fundi wa Landrover alinionyesha chake, hakina gamba wala mwaka. Sasa utajuaje ni cha gari gani?

Fungua kurasa za vipimo vya injini. Ukikuta dizeli ya cc 2,052, hicho ni cha Series II iliyotoka 1958, au nyuma yake kidogo. Ukikuta cc 2,286, ni Series IIA ya 1961 au Series III ya 1971. Hapo kimbilia kwenye giaboksi. Sinkronaizi ikiwa kwenye gia zote nne za mbele, ni III. IIA ilikuwa nazo kwenye ya tatu na ya nne tu, ndiyo maana madereva wa enzi hizo walikanyaga klachi mara mbili mbili!

Lakini patamu ni kwenye betri, msomaji wangu. IIA za mwanzo, chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Baadaye ikageuzwa, ikawa hasi. Shika kitabu cha zamani, ufunge hivyo Series III yenye oltaneta, uone moshi. Utakula maharage makavu mwezi mzima kulipia nyingine.

Juzi nikarudi kwa mzee kunakili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umechelewa. Kurasa za betri bibi yako kafungia karanga."