Jiwe la Kwenye Foleni

Haya, wajukuu zangu, sogeeni. Leo hamna sungura wala fisi. Leo kuna jiwe, uzi na mche wa sabuni.

Mwaka 1982 nilikuwa na miaka 9. Tulipanga vyumba viwili Morogoro, na uani palikuwa na mpapai mmoja. Nchi ilikuwa na hali ngumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin wa Uganda yakavuka mpaka na kuingia Kagera. Tuliwapiga, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka, lakini vita hula fedha kama moto kwenye nyasi kavu. Mafuta nayo yakapanda bei duniani, mvua zikagoma. Mwalimu Nyerere akatuomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, mikanda ikabaki palepale, wengine tukatoboa tundu jipya.

Serikali haikuwa na fedha za kigeni za kutosha, na bila hizo viwanda havikupata malighafi wala vipuri. Ndiyo maana sukari, sabuni na dawa ya meno viliadimika. Unaweza kuwa na hela mkononi, duka liko wazi, na ndani hamna kitu. Hata unga wa sembe ulikuwa shida. Tulikula wa mahindi ya njano yaliyotoka Marekani, na kwa kuwa Watanzania hatukosi utani, tukauita unga wa yanga, kwa rangi ya jezi za timu ya Yanga. Jirani yetu mmoja, shabiki wa kufa mtu wa Simba, mahasimu wa Yanga, alikuwa akiula huku amefumba macho.

Ukisikia sabuni imefika duka la ushirika, unakimbia kupanga foleni. Lakini nani atasimama usiku kucha? Kila mtu aliweka jiwe lake kwenye mstari, akaenda kulala. Jiwe lilikuwa mtu. Aliyekuja nyuma aliliheshimu kama anavyokuheshimu wewe.

Siku moja mama alinituma alfajiri nikakae kwenye jiwe letu. Nikahesabu waliotangulia, nikaona tuko mbali. Mbele yangu palikuwa na jiwe dogo jeupe, mwenyewe hayupo. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Nikalisukuma kwa kidole cha mguu mpaka mtaroni, nikasogeza letu.

Duka lilipofunguliwa nilipata mche mmoja. Ulikuwa wa mwisho. Nyuma yangu nikasikia sauti ya mwanamke akiuliza, bila hasira, kama mtu aliyezoea: “Jamani, jiwe langu jeupe mmeliona?” Nikageuka. Alikuwa mama wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mgongoni kabeba kichanga cha wiki mbili.

Nilifika nyumbani nimeukumbatia ule mche, lakini uso umenisaliti. Mama akaniuliza mara moja tu. Nikasema yote. Nilingoja kiboko. Badala yake akatoa uzi kwenye kikapu chake cha kushonea, akaupima mche kwa urefu wake, akaukunja uzi katikati kupata nusu. Kisha akauzungushia mche pale, akavuta. Sabuni ikakatika, laini kama siagi.

“Peleka,” akasema.

“Na sisi, mama? Sare zangu?”

“Mpapai huuoni?”

Nikasema, kwa ujuba wa kitoto, kwamba asubuhi ile ile alikuwa ameomba dua na kumshukuru Mungu kwa riziki, sasa riziki yenyewe anaigawa. Akanitazama. “Shukrani ya mdomo haifui nepi, baba. Nenda.”

Nikaenda. Nikampa yule mama nusu mche, nikamwambia na habari ya jiwe. Sikuweza kuinua macho. Akainusa sabuni, akamnusisha mwanawe, akacheka. Jioni nilichuma majani ya mpapai, nikayaponda, nikafulia shati la shule. Hutoa povu kidogo, na uchafu unatoka. Jumatatu nilikwenda shule na shati lenye kivuli cha kijani. Sikuwa peke yangu. Nusu ya darasa tulikuwa rangi hiyo.

Sasa sikilizeni vizuri. Msidhani mama alifurahia foleni. Alilalamika, tena kwa sauti, na alikuwa na haki. Kushukuru si kusema shida ni tamu, wala si kumnyamazisha mwenye njaa. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka mkuukuu, umechakaa, lakini ndio ulio chini yako. Anayeutukana kila siku hauoni tena, na asiyeona alicho nacho hawezi kukigawa. Mama alikuwa ameuona mpapai wetu. Mimi nilipita chini yake kila siku na sikuwahi kuuona.

Nanyi mnazijua siku ngumu kama hizo. Mafuta ya kupikia yananunuliwa ya kupima, ada inalipwa kidogo kidogo, viatu vinasubiri mwezi ujao. Mkiona mama zenu wamenyamaza jikoni, msiwaambie “tushukuru tu” halafu mkaondoka. Okoteni kuni, au choteni maji. Mle kilichopikwa bila kununa, na kama kuna mtoto wa jirani mlangoni, sogezeni sahani. Hapo mtakuwa mmeshukuru, hata kama hamkutamka neno.

Baadaye bidhaa zilirudi madukani, na foleni zikafutika. Kile kichanga sasa ni mtu mzima, ana watoto wake. Tukikutana sokoni hunipokea mzigo na kuniita mzee wangu. Habari ya jiwe jeupe haijui. Mama yake hakumwambia kamwe.