Fanani Anapoingia Studioni: Wimbo wa Bi Kidude Darasani

Mwanafunzi anapoulizwa sifa za fasihi simulizi hutaja fanani, hadhira na utendaji. Akisikilizishwa albamu, je, sifa hizo huzipata? Makala hii inalijibu swali hilo kwa kumrejelea Bi Kidude wa Zanzibar.

Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Alikuwa mwimbaji wa taarab na pia kungwi wa unyago, mpigaji wa ngoma ya msondo. Sifa za kimataifa zilimfikia uzeeni: mwaka wa 2005 alituzwa na WOMEX, na mwaka wa 2007 albamu yake, Zanzibara 4, ikatolewa nchini Ufaransa.

Albamu ya aina hii ina faida bayana. Sauti imehifadhiwa, nayo ile mikwaruzo ya uzee yasikika wazi kuliko ukumbini. Hata hivyo, kuna kinachopotea.

Tuchukue wimbo 'Kijiti', ambao Bi Kidude aliurithi kwa Siti binti Saad. Unasimulia kisa cha kweli cha mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kuzuru Unguja akauawa. Mshukiwa alitoroka, na wanawake waliotoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Hadhira ya Siti ilivijua visa na mitaa hiyo. Wimbo kwao ulikuwa shtaka dhidi ya mahakama ya kikoloni. Msikilizaji wa mbali asiyeelezwa hupata mahadhi matamu tu, na marehemu yule hunyamazishwa mara ya pili.

Unyago nao ni mafunzo ya wanawake, yenye miiko yake. Ukirekodiwa, hadhira teule huwa umma, wanaume wakiwemo, na wari wanaofunzwa hawapo. Maneno ni yale yale ilhali dhima imebadilika.

Je, wimbo uliorekodiwa si fasihi simulizi? La hasha. Ni nakala ya tukio moja la utendaji. Kosa ni kuihakiki nakala kana kwamba ndiyo wimbo wote.

Mwalimu awachezee wanafunzi wimbo, kisha awaulize: nani aliimbiwa? Wapi? Kwa nini? Baada ya hapo ndipo wageukie tamathali na vina. Mwanafunzi anayeanza na vina huenda akapata alama zake, lakini hatajua kwamba kuna mtu aliyeuawa.