Tanzania na Majirani Wengine: Hesabu ya Miezi kabla ya Mtoto wa Pili

Mazungumzo yetu ya leo yahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kudhaniwa kuwa ni la nyumbani tu, lisilo na nafasi katika kipindi cha maafisa na askari. Ni habari ya mama mfanyakazi aliyekwisha jifungua mtoto wa kwanza, akamlea, kisha akarejea kazini huku akitazamia mtoto wa pili. Katika nchi kadhaa zilizo jirani nasi, siku anayorejea kazini ndiyo siku ambayo hesabu nyingine huanza. Hesabu hiyo ikitimia, atapata malipo wakati wa uzazi ujao. Ikipungua hata kwa mwezi mmoja, huenda akajifungua bila malipo hayo.

Hapa Kenya tumezoea utaratibu mwepesi zaidi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi mwanamke miezi 3 ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na kifungu kinachotoa haki hiyo hakimwulizi ni miezi mingapi imepita tangu uzazi uliotangulia. Wala likizo yake ya mwaka haipotei. Zamani haikuwa hivyo. Chini ya sheria ya mwaka 1976 mama alipata miezi 2 tu, na akiichukua, alipoteza likizo yake ya mwaka huo. Basi Mkenya anayevuka mpaka kwenda kuajiriwa kule Arusha au Moshi asidhani kwamba kanuni alizoziacha nyumbani zimemfuata safarini.

Tuitazame Tanzania kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 endapo amejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Lakini haki hiyo imefungwa ndani ya kipindi kinachoitwa mzunguko wa likizo, nacho ni miezi 36 ya kazi mfululizo kwa mwajiri mmoja. Tena, mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kazini hana haki ya likizo yenye malipo. Zaidi ya hayo, mwajiri halazimiki kutoa likizo ya uzazi yenye malipo zaidi ya mara 4 kwa mfanyakazi huyo huyo.

Watu wengi husikia miezi 36 wakadhani kwamba ni miezi 36 kati ya mtoto na mtoto. Sivyo sheria isemavyo. Mzunguko huhesabiwa tangu siku ya kuanza kazi, na ukiisha, mwingine huanza papo hapo. Tutoe mfano. Wanawake wawili waliajiriwa pamoja tarehe 1 Januari 2020. Mzunguko wao wa kwanza ulikwisha tarehe 31 Desemba 2022. Wa kwanza alijifungua Septemba 2020, na tena Agosti 2022. Wa pili alijifungua Machi 2022, na tena Februari 2024. Kila mmoja wao aliwapishanisha watoto wake kwa miezi 23. Hata hivyo, mama wa kwanza alizaa mara mbili ndani ya mzunguko mmoja, kwa hiyo uzazi wake wa pili haukuwa na malipo ya lazima. Mama wa pili alizaa mara moja katika kila mzunguko, akastahili malipo mara zote mbili. Tofauti yao imo katika kalenda ya ajira peke yake.

Sheria hiyo haikusahau msiba. Endapo mtoto anafariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja tangu kuzaliwa, mama aweza kupata siku nyingine 84 za malipo ndani ya mzunguko ule ule. Watunga sheria walitambua kwamba mama aliyefiwa na mtoto hawezi kuwekwa katika hesabu moja na yule anayelea.

Mbali na mshahara unaolipwa na mwajiri, iko hesabu ya pili, nayo ni ya michango. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii wa Tanzania hulipa mafao ya uzazi kwa mwanachama aliyetimiza masharti mawili. Sharti la kwanza ni kuwa na michango ya miezi isiyopungua 36 kwa jumla. Sharti la pili ni kwamba miezi 12 kati ya hiyo iwe imo ndani ya miezi 36 iliyotangulia kujifungua. Sharti hili la pili ndilo linalowakwaza akina mama walioacha kazi ili kulea.

Natuchukue mama aliyefanya kazi na kuchangia kwa miaka 5 mfululizo, hadi mwisho wa Desemba 2019. Ana michango 60, na sharti la kwanza amelivuka kwa mbali. Akaacha kazi, akakaa nyumbani miezi 30 kumlea mwanawe, akarejea kazini Julai 2022. Akitazama nyuma miezi 36, aona kwamba miezi 6 ya mwisho wa mwaka 2019 bado imo ndani ya dirisha la hesabu. Atadhani kwamba akiongeza miezi 6 mingine, atafika 12. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu dirisha lenyewe halikai mahali pamoja. Kila mwezi mpya unapoingia kwa mbele, mwezi mmoja wa zamani hutoka kwa nyuma. Kufikia mwisho wa Desemba 2022, ile miezi 6 ya mwaka 2019 imekwisha toka yote, naye amebaki na 6 tu aliyoichangia tangu arejee. Hana budi kufanya kazi hadi mwisho wa Juni 2023 ndipo apate 12 kamili.

Maana yake ni nini kwa nyumba ya mama huyo? Kama angeshika mimba mwezi ule ule aliorejea kazini, angejifungua karibu Aprili 2023, akiwa na michango 9 tu katika dirisha, naye asingestahili. Kama angengoja hadi Oktoba 2022, angejifungua karibu Julai 2023, michango yake 12 ikiwa imetimia. Miezi 3 ya subira ndiyo iliyosimama kati ya kupata na kukosa. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kinavuja kwa chini, na mwenye kukijaza yampasa alijue hilo mapema.

Kusini zaidi, sheria zimefuata nyayo zinazofanana. Sheria ya Ajira ya Malawi ya mwaka 2000 ilitoa majuma yasiyopungua 8 kwa mshahara kamili, katika kila kipindi cha miaka 3. Nchini Zambia, sheria ya zamani ilidai miaka 2 ya utumishi usiokatika, ikihesabiwa ama tangu kuajiriwa ama tangu likizo ya uzazi iliyotangulia, ndipo mama apate majuma 12. Sheria mpya ya Zambia ya mwaka 2019 imeongeza likizo hadi majuma 14.

Wanaotetea masharti haya wana hoja zao, nasi yatupasa kuzisikia. Hoja ya kwanza ni afya. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba baada ya mama kujifungua salama, ipite angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Ukiongeza miezi 9 ya ujauzito, watoto watapishana kwa miezi 33 hivi. Kwa hiyo miaka 3 si hesabu iliyotupwa ovyo. Hoja ya pili ni gharama. Mahali ambapo mwajiri hulipa mshahara wote peke yake, mwenye duka dogo au shule ndogo huona mzigo mzito, na wapo wanaokwepa kuwaajiri wanawake vijana kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, hoja ya kwanza ina kasoro. Daktari humshauri mama kabla ya mimba. Sheria humnyima malipo baada ya mimba. Mtoto akiisha kuja, kumkatia mama mshahara hakurefushi nafasi kati yake na nduguye. Kunampunguzia maziwa na uangalizi mtoto ambaye hakuulizwa tarehe ya kuzaliwa. Mama asiye na malipo hulazimika kurudi kazini mapema, na gharama ya haraka hiyo hulipwa na miili miwili, wake na wa mtoto.

Hoja ya pili imepatiwa jibu moja kule Rwanda. Chini ya sheria ya kazi ya mwaka 2009, mama wa Rwanda alikuwa na majuma 12 ya likizo, lakini mshahara kamili ulikuwa wa majuma 6 ya kwanza tu. Akitaka kubaki na mtoto majuma 6 yaliyosalia, alipata asilimia 20 ya mshahara. Mwenye kodi ya nyumba ya kulipa hakuwa na hiari kubwa. Mwaka 2016 Rwanda ilitunga sheria ya mfuko wa mafao ya uzazi. Mwajiri alichangia asilimia 0.3 ya mshahara na mfanyakazi asilimia 0.3, wanaume kwa wanawake, na fedha hizo zikawekwa chini ya Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda. Mwajiri aliendelea kulipa majuma 6 ya kwanza, na mfuko ukalipa yaliyobaki kwa mshahara kamili. Mwaka 2023 likizo yenyewe iliongezwa hadi majuma 14. Mzigo uliokuwa juu ya bega moja ukagawanywa kwa mabega mengi. Mwelekeo huo walingana na Mkataba wa 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unaopendelea malipo ya uzazi yatoke katika bima ya jamii au fedha za umma, na unaotaka masharti ya kustahili yawe yale ambayo wanawake walio wengi waweza kuyatimiza.

Ndugu msikilizaji, sasa utauliza, haya yanamhusu vipi mtu aliyevaa sare?

Yanamhusu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kwamba sheria tulizozitaja haziwagusi askari wenyewe. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 imeyaweka kando majeshi ya ulinzi, polisi na magereza. Sheria ya Tanzania imewaweka kando Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Sheria ya Zambia imefanya vivyo hivyo. Askari mwanamke hutawaliwa na kanuni za kikosi chake, kwa hiyo asitegemee yale aliyoyasikia kwa dada yake aliye karani wa benki. Na afisa aliye na askari wanawake chini yake azijue kanuni hizo kabla ya kuulizwa, maana mwenye mimba hana miezi ya kungoja barua izunguke kutoka meza moja hadi nyingine.

Njia ya pili ni uhamisho. Askari huhamishwa, na mara nyingi mke humfuata. Mke huyo aweza kuwa mwalimu wa shule ya binafsi au mfanyakazi wa kiwanda. Anapoacha kazi mji mmoja na kuajiriwa mji mwingine, ile hesabu ya utumishi usiokatika kwa mwajiri mmoja huvunjika. Nchini Tanzania, mzunguko wake wa miezi 36 huanza upya kwa mwajiri mpya, na miezi yake 6 ya kwanza haina likizo yenye malipo. Michango yake katika mfuko, kwa upande mwingine, haivunjiki, kwa kuwa imeandikwa kwa jina la mwanachama, wala si kwa jina la mwajiri. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya hesabu hizi mbili, na jamaa inayohamahama yapaswa kuishika: utumishi hubaki nyuma ya lango la mwajiri, michango husafiri na mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya mama kuacha kazi kwa ajili ya uhamisho au ulezi, na aitafute taarifa ya michango yake na kuitunza. Aandike tarehe aliyoajiriwa na tarehe ya kila likizo. Mume naye asikae kando akidhani hiyo ni hesabu ya wanawake, kwa maana mshahara ukikosekana, chungu kitakachopungua ni cha nyumba nzima.

Sheria za majirani zetu zimekuwa zikibadilika, na kwa jumla zimekuwa zikimwongezea mama siku. Lakini siku zilizoandikwa katika sheria hazimfai mama ambaye hesabu imemwacha nje kwa mwezi mmoja. Mlinzi mwema huijua njia yake kabla giza halijaingia. Vivyo hivyo, jamaa ya mlinzi na izijue tarehe zake kabla mtoto hajabisha hodi.