Shamba la Shangazi na Kopo Lililobonyezwa

"Mjomba, ufeministi ni nini?"

Swali zuri. Swali zuri kabisa, mpwa wangu! Wapo watu wazima wenye mvi kama hizi zangu ambao hawajawahi kuliuliza. Wakilisikia neno hilo, wengine hukunja uso, wengine hupiga makofi, kisha wote hao huenda zao. Wewe umesimama ukauliza. Basi kaa hapa na wenzako, nikusimulie.

Ufeministi ni madai. Unadai kwamba mwanamke asipunjwe kwa sababu tu ni mwanamke.

"Kupunjwa vipi, Mjomba?"

Umewahi kutumwa sokoni kununua maharage? Muuzaji huyapima kwa kopo. Kopo zuri lina kitako kilichonyooka. Lakini wapo wauzaji wajanja. Hukibonyeza kitako cha kopo mpaka kikaingia ndani. Ukilitazama kwa juu, kopo limejaa. Limejaa hadi limefanya kilima! Ukifika nyumbani, mama anauliza: "Mbona maharage haya ni machache?" Umepunjwa, mwanangu.

Sasa fikiria muuzaji mwenye makopo mawili chini ya meza. Akija mvulana, anatoa kopo zima. Akija msichana, anatoa lile lililobonyezwa. Pesa ni ile ile. Maharage ni yale yale. Ila kopo si lile.

Ufeministi unasema: kopo liwe moja.

"Ni hivyo tu, Mjomba? Mbona kaka yangu anasema wanawake hao wanataka kopo kubwa kuliko la wanaume?"

Aha! Kaka yako naye kauliza jambo la maana, hata kama aliliuliza kwa kelele. Tusimjibu kwa kelele. Twende Kagera tukaangalie kopo lenyewe. Huko kuna mgomba mmoja unapenda sana kuzungumza. Tumpe nafasi.

"Mimi ni mgomba," akasema mgomba, majani yakipepea. "Nimeota wilaya ya Muleba, magharibi ya Ziwa Victoria, katika nchi ya Wahaya. Huku sisi na mibuni tunakaa pamoja, nyumba ya mwenye shamba ikiwa katikati yetu. Jembe likipita shinani kwangu, sijui limeshikwa na nani. Nyasi zikitandazwa miguuni pangu, siulizi zilibebwa na kichwa cha nani. Nikitunzwa, nazaa. Mgomba huzaa mkungu mmoja, kisha huwaachia zamu machipukizi yake. Kwa hiyo habari hii sikuiona mimi. Nimeipokea kwa mama, naye aliipokea kwa mama yake."

Haya, mgomba, usituzungushe. Sema.

"Shamba hili lilikuwa la mzee mmoja. Mzee akaandika wosia: shamba nampa binti yangu. Mzee akafariki. Binti akalipata shamba. Miaka ikaenda, ikaenda, ikaenda. Binti akawa shangazi wa watu. Shangazi akazeeka, akaishiwa nguvu, na hakuwa na wa kumtunza. Basi mwaka 1988, mwezi wa Agosti, akaliuza shamba kwa shilingi 300,000. Mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo."

Jina la bibi huyu limo kwenye vitabu vya sheria, na wanafunzi wa sheria wanalijua vizuri. Sisi tumwite Shangazi tu. Inatosha.

Zilipita siku tano tu. Mpwa wake wa kiume akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha. Akasema: "Shangazi hana ruhusa ya kuuza shamba la ukoo. Shangazi ni mwanamke."

"Mjomba, huyo mpwa alikuwa mbaya?"

Taratibu. Usimchukie mpwa. Kwa Wahaya shamba si udongo tu. Wazee huzikwa humo humo. Mtu akiona shamba la babu yake limekwenda kwa mgeni, moyo humuuma, na mimi ungeniuma vilevile. Tena mpwa hakutunga sheria. Sheria aliikuta. Mwaka 1963 serikali ilizikusanya mila za makabila mengi ikaziandika kuwa kanuni. Kanuni moja ilisema hivi, nakufupishia: mwanamke anaweza kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote, lakini hawezi kuliuza.

"Na mwanamume je?"

Hapo hapo! Swali hilo ndilo ufunguo wa hadithi yote. Mwanamume aliweza kuuza. Akimuuzia mgeni bila ridhaa ya ukoo, ukoo ulikuwa na njia moja: kumrudishia mnunuzi pesa yake na kulikomboa shamba. Wasipotoa pesa, basi, shamba limekwenda.

Umeona makopo mawili? Mjomba akiuza, ameuza, na ukoo ukilitaka shamba ulikomboe. Shangazi akiuza, hajauza chochote. Shamba ni lile lile. Wosia ni halali. Ila kopo si lile.

Kesi ikapanda ngazi. Mahakama ya Mwanzo ikampa ushindi mpwa. Mahakama ya Wilaya ikampa ushindi Shangazi. Mpwa akakata rufaa, kesi ikafika Mahakama Kuu, Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya. Februari 1990 akatoa hukumu.

Jaji alikuwa mwanamume, hilo lishike. Akaifungua Katiba. Mwaka 1984 Katiba yetu iliongezewa sehemu ya haki za binadamu, na humo imeandikwa kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria. Akaangalia pia mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania iliiridhia kwa hiari yake. Kisha akasema kwamba wanawake wana haki ile ile ya kurithi na kuuza kama wanaume. Shangazi ameuza, na ameuza kihalali.

"Kwa hiyo mpwa akakosa kila kitu?"

Hapana! Na hapa ndipo ninapotaka usikilize kwa masikio yote mawili, maana wengi wanaosimulia kesi hii huishia pale Shangazi aliposhinda, wakaacha nusu iliyo tamu. Jaji hakusema: kwa kuwa wanawake wameonewa siku nyingi, basi Shangazi auze na ukoo unyamaze. Hakusema hivyo. Aliuliza: angekuwa mjomba ndiye aliyeuza, ukoo ungekuwa na haki gani? Wangeweza kukomboa. Basi na kwa Shangazi wanaweza kukomboa. Akampa mpwa miezi sita atoe zile shilingi 300,000, shamba lirudi. Asipotoa, shamba ni la mnunuzi.

Shangazi hakupewa kopo kubwa. Hakupewa hata punje moja ya ziada. Alipewa kopo la mjomba, pamoja na masharti ya mjomba.

Kwa hiyo mwambie kaka yako: pale Mwanza, mwaka 1990, kopo lililotolewa lilikuwa moja.

"Lakini Mjomba, wapo wanawake wanaosema wanaume wote ni wabaya."

Wapo. Siwezi kukudanganya. Na wapo wanaume wanaosema wanawake wote ni wabaya. Watu wenye hasira huongea kwa hasira, na wengine wana sababu zao. Wewe usimpime mtu kwa ukali wa sauti yake. Tazama anadai nini. Anayedai kopo moja, hata akipiga kelele, anadai haki. Anayedai kopo lako nalo libonyezwe, hata akiongea kwa sauti ya asali, ameuacha usawa.

Chukua jambo jingine. Sheria yetu ya Ndoa ni ya mwaka 1971. Iliweka umri wa kuoa kwa mvulana kuwa miaka 18. Msichana je? Miaka 15. Wewe una miaka mingapi? Kumi na mmoja? Hesabu mwenyewe imebaki mingapi. Mwanaharakati mmoja kijana, Rebeca Gyumi, akaipeleka sheria hiyo mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikakubaliana naye. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani nayo ikakubaliana naye: vifungu hivyo virekebishwe, umri uwe miaka 18 kwa wote. Angeweza kudai msichana awekewe 20 ili kulipiza. Hakudai hivyo. Alidai 18 kwa 18.

Na sasa najua unalo swali gumu mfukoni. Naliona linachungulia. Litoe.

"Mjomba, bungeni kuna viti maalum vya wanawake peke yao. Hilo si kopo kubwa?"

Hongera! Hilo hata wabunge wenyewe hubishania. Katiba inataka wabunge wa viti maalum, wote wanawake, wasipungue asilimia 30 ya idadi ya wabunge wengine. Mvulana hawezi kukikalia kiti hicho. Kwa macho ni kopo kubwa, tusijifiche.

Lakini rudi sokoni kidogo. Muuzaji amempunja mama yako kwa miaka. Siku amegunduliwa, anatupa kopo baya. Je, inatosha? Mama atasema: leo niongezee, umenila siku nyingi. Ile nyongeza ni fidia. Viti maalum ni nyongeza ya namna hiyo. Mama Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi Zanzibar mwaka 2000 kwa kiti maalum. Mwaka 2010 akagombea jimbo la Makunduchi kama mgombea mwingine yeyote, akashinda. Leo unamjua ni nani. Kwa maoni yangu mimi, nyongeza ni halali maadamu deni lipo. Deni likiisha, nyongeza nayo iishe, na atakayetaka kuing'ang'ania mpaka kiama nitamwuliza swali lile lile la makopo. Kuna rafiki zangu watakaonuna wakisikia hivi. Wacha wanune.

Halafu makopo mengine humpunja baba. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 ilimpa mama aliyejifungua siku 84 za likizo yenye malipo. Vizuri, mwili wake umefanya kazi kubwa, lazima upone. Baba ilimpa siku tatu. Tatu! Mtoto hata kitovu hakijakauka, baba yuko ofisini. Na ukimnyima baba siku za kumbeba mtoto, ujue umemtwika mama usiku wote peke yake. Anayedai usawa kwa dhati hawezi kuipita sheria hiyo kimya, kwa sababu yule baba ni mwanamume.

"Basi makopo mabaya yote yameshatupwa?"

Hayajatupwa, mpwa wangu. Zile kanuni za mwaka 1963 hazikufutwa siku ile Jaji Mwalusanya alipotoa hukumu. Ziliendelea kuwapunja wengine. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga walifiwa na waume zao, wakatolewa katika nyumba walizokuwa wakiishi kwa sababu mila hazikuwapa wajane fungu. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakiri kwamba kanuni zinabagua, lakini ikakataa kuzibatilisha. Wajane wakaenda mbali, hadi kwa kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka 2015 kamati ikasema wajane wana haki. Hebu fikiria: kutoka 2006 mpaka 2015. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza alikuwa keshafika darasa la pili au la tatu.

Mgomba naye anataka kusema neno la mwisho. Sema, mgomba, lakini liwe fupi.

"Mimi nilitaka kuuliza tu," akasema mgomba. "Zile nyasi za kutandaza shambani, mbona karne zote hizi wanazibeba wanawake, halafu siku ya kuuza ndipo watu wanakumbuka ukoo?"

Mgomba huyu ana maneno! Lakini hajakosea.

Haya, nimewachosha. Nani ana swali? Wewe, kijana wa nyuma, umenyamaza tangu mwanzo, na dada yako anakucheka.

"Mjomba... kama kopo ni moja... ina maana leo mimi ndiye nitakayeosha vyombo?"

Jana nani aliosha?

"Dada."

Na juzi?

"Dada."

Basi umeshajijibu, na umejijibu vizuri kuliko mimi. Ile sufuria ya ugali iloweke kwanza kwa maji ya moto, usianze kuikwangua ikiwa kavu, utavunja kucha.