Somo la Redio: Cheti cha Ndoa na Kibali cha Kukaa

Leo tunaweka hesabu kando. Tutasoma habari ya karatasi mbili: cheti cha ndoa na kibali cha kukaa nchini. Watu wengi wa pwani hudhani kwamba ukiipata ya kwanza umeipata na ya pili. Sivyo.

Tuchukue mfano. Mvuvi wa Dunda, Bagamoyo, amempenda mwanamke wa Lamu. Mwanamke huyu alikuja kumtazama shangazi yake Mlingotini. Siku alizoandikiwa katika pasi yake zimekwisha, wala hakurudi kwao. Lugha yake ni yetu, mapishi yake ni yetu, hata ukoo huenda ukawa mmoja. Majirani hawamwiti mgeni. Lakini Sheria ya Uhamiaji humwita mgeni, tena mgeni asiye na kibali.

Je, waweza kuoana? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, huuliza mambo haya: umri wao, kama kila mmoja amekubali kwa hiari yake, kama wana undugu unaozuia ndoa, na kama mmoja amekwisha fungwa na ndoa nyingine inayozuia hii. Kibali cha kukaa hakimo katika mambo hayo. Yawapasa kutoa taarifa siku 21 kabla ya kuoana, wakitaja majina, umri na mahali wanapokaa. Mgeni aghalabu huombwa pasi, na uthibitisho kutoka kwao kwamba hana ndoa nyingine. Basi wakifungishwa ndoa na msajili, au na shehe au padre mwenye leseni, wamekuwa mume na mke kweli. Wakipata mali wana haki zao, na mume akifariki, mke ana cheti cha kuonyesha.

Lakini cheti hicho hakifuti kosa la kukaa bila kibali. Afisa wa Uhamiaji akija, mke aweza kushtakiwa na kurudishwa kwao, hata akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto huyo, aliyezaliwa hapa na baba raia, ni raia wa Tanzania. Mama yake siye. Fikirini hapo, ndugu zangu: nyumba moja, chungu kimoja, na mmoja wao aweza kutolewa.

Wengine husema, “Tumekaa miaka miwili, yatosha.” Ni kweli kwamba sheria huwadhania kuwa wameoana watu waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, wakijulikana na watu kuwa ni mume na mke. Dhana hiyo husaidia mahakamani katika ugomvi wa mali au matunzo. Kibali cha kukaa ni habari nyingine.

Sasa uraia. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mwanamke mgeni aliyeolewa na raia wa Tanzania ana haki ya kuomba uraia wakati wowote mumewe akiwa hai. Haupati siku ya harusi. Hupeleka maombi, na yampasa kuukana uraia wake wa kwanza. Mwanamume mgeni aliyeoa binti wa Bagamoyo hana njia hiyo. Yeye huomba kama wageni wengine: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka kumi iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka saba. Kwa maoni yangu binti huyo hakutendewa sawa na kaka yake. Huko Kenya, Katiba ya mwaka 2010 haibagui: mume au mke wa raia aweza kuomba baada ya miaka saba ya ndoa.

Lakini hata huko, ndoa peke yake haikutosha. Wapemba waliohamia Kilifi na Kwale walioa, wakazaa, wakazika wazee wao huko, na watoto wao wakakua bila vitambulisho. Ilikuwa mwaka 2023 ndipo walipoanza kupewa vitambulisho vya Kenya.

Basi yule mke wa Lamu afanye nini? Ingalikuwa vyema kwenda ofisi ya Uhamiaji kabla siku hazijaisha. Zikiwa zimekwisha, kwanza amwone msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watu hawa, nao huwasaidia wasio na fedha za wakili. Kisha waende Uhamiaji pamoja, mke na mume, kwa miguu yao wenyewe, na cheti cha ndoa mkononi. Si kwamba hakuna hatari. Lakini ajipelekaye husikilizwa kuliko akamatwaye.

Na asikubali maneno ya dalali wa kuuza cheti cha kuzaliwa. Akiandika kwamba alizaliwa Bagamoyo, ameongeza kosa la pili juu ya la kwanza, na uraia uliopatikana kwa uongo waweza kunyang'anywa hata baada ya miaka mingi.

Haya, shikeni kalamu. Nitasoma maneno manne polepole, nanyi mwandike: ndoa, cheti, kibali, uraia. Kisha kila mmoja amweleze mwenziwe tofauti ya neno la pili na la tatu.